Nilivyofuata Maganda ya Mihogo hadi Tororo

Kila nikienda kisimani mnaniuliza Uganda kulikuwaje, na kila mara nawajibu nusu kwa sababu ndoo imeshajaa. Leo nimekaa chini niandike yote kwa pamoja. Mwenye hamu asome, asiye na hamu aendelee na shughuli zake, sitanuna.

Musoma hadi Kisumu

Sababu ya safari wengi mnaijua, lakini nitaieleza tena kwa ajili ya walio mbali. Kikundi chetu cha akina mama kilipoanza kusaga unga wa mihogo, maganda yalijaa uani hadi yakanuka. Mimi ndiye niliyesema yasitupwe, wapewe mbuzi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Wifi yangu Nyangeta, dada mkubwa wa mume wangu, akaniamini. Akabeba ndoo mbili za maganda mabichi ya ule mhogo wetu mchungu, akawamwagia mbuzi wake wawili, mmoja akiwa na mimba. Jua halijafika utosini, wote wawili walikuwa wamelala chini, midomo imejaa povu.

Tangu siku ile sikukanyaga uani kwake. Nilimtuma mume wangu akaseme pole. Mimi na wifi tukawa tunasalimiana kwa mbali, "za asubuhi", "nzuri", kama wapangaji wasiojuana, na nyumba zetu zinatenganishwa na mstari mmoja tu wa katani.

Ndipo katika kundi la wakulima kwenye simu nikasikia sauti ya mama mmoja wa Tororo, Uganda, aitwaye Athieno, akieleza jinsi yeye na wenzake wanavyolisha nguruwe na mbuzi kwa maganda hayo hayo ya mhogo mchungu, na hakuna anayekufa. Nilimtumia ujumbe nikamwomba anifundishe. Akajibu kwa sauti, maneno machache: "Kuja. Kwa kuona ndiyo utajua."

Mume wangu alinisindikiza stendi. Alinunua chapati mbili, akazifunga kwenye gazeti, akanipa.

Sirari tulivuka vizuri. Baada ya Migori, mkanda wa injini ya basi letu ulikatika, na tulikaa kando ya shamba la miwa kwa muda ambao ungetosha kupika makande. Abiria wengine walilalamika, wengine walilala. Mimi nilimfuata mama aliyekuwa akichemsha mahindi kwenye sufuria kubwa nyeusi, kwa sababu moto wake ulinishangaza. Hakuwa na kuni hata moja. Alikuwa akitia magunzi makavu ya mahindi na makapi ya miwa iliyokwisha kukamuliwa.

"Unaangalia nini, mama?" akaniuliza.

"Moto wako."

Akacheka. "Hiyo ni takataka tu. Wanatupa, mimi naokota. Watoto wangu watatu wamesomeshwa na takataka."

Akanichagulia hindi lenye punje laini, akakataa niondoke kabla sijaonja na kusema ni tamu. Nikaonja, nikasema. Lilikuwa tamu kweli. Kisumu tuliingia tukiwa tumechoka, nikalala bila kuvua hata kilemba.

Kisumu hadi Busia

Asubuhi nilikaa karibu na dada mmoja Mkenya anayeuza mabeseni ya plastiki. Huvuka mpaka kila siku, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Alinisikia nikiongea na simu, nikimwambia mume wangu, "Nimeamka salama, namshukuru Mungu, natumaini nanyi mmeamka vyema." Alinisubiri nimalize, akanigeukia.

"Mathe, hiyo Kiswahili yako ni noma. Lakini ukivuka, utaikata kata. Huko ukisema maneno marefu watadhani unahubiri."

"Nitasemaje basi?"

"Sema kidogo kidogo. 'Mimi nakwenda. Wewe iko wapi. Kitu hii ni ngapi.' Watu ni wazuri, ni lugha tu ndiyo fupi."

Alinifundisha njia nzima. Nikakosea kwa makusudi ili acheke, maana alikuwa na kicheko cha kumfanya hata dereva ageuke. Tulipofika Busia akanishika mkono, tukapita pamoja kati ya malori yaliyopangana hadi huoni mwisho, akanikabidhi upande wa pili kama mtu anayekabidhi mgonjwa. "Huyu ni mathe wangu," akamwambia mwendesha bodaboda. "Umpeleke polepole."

Kwa Lumbe

Sasa hapa ndipo mlipocheka mliposikia juujuu, kwa hiyo nitaeleza sawasawa.

Siku iliyotangulia Athieno alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti, upepo unavuma ndani yake: "Kesho mimi siko nyumbani Rubongi. Iko lumbe Buteba. Wewe kuja hapo Buteba kwa lumbe, tutakutana." Mimi nikaandika kwenye kijitabu changu: Buteba, kwa Bwana Lumbe.

"Nipeleke Buteba," nikamwambia kijana wa bodaboda, "kwa Lumbe."

Akavua kofia. "Pole sana, mama."

Nikajua ni pole ya safari. "Asante, nimeshapoa."

Akaniangalia kidogo, akawasha pikipiki. Njiani akauliza, "Wewe natoka wapi?"

"Musoma. Tanzania."

"Na jina?"

"Tabitha. Tabitha Bwire."

Pikipiki ikayumba. "Bwire? Bwire ya Tanzania? Eh! Wao nangojea wewe!"

Nilifurahi sana. Nikasema moyoni, huyu Athieno ni mtu wa maana, amewatangazia hadi waendesha bodaboda.

Tulifika kwenye boma kubwa lenye maturubai yaliyofungwa kwenye miti, moshi mwingi, na wanawake kama kumi na watano wamezunguka lundo la mihogo, wanamenya. Nikaona nimefika kwenye kikundi chenyewe. Kwetu mgeni wa kikundi hasubiri kukaribishwa, hukaa akamenya. Nikaweka begi chini, nikaomba kisu, nikakaa. Wakanipisha. Wakanong'onezana, nikasikia "Musoma", nikasikia "Bwire", nikatabasamu na kuendelea na kazi. Maganda yalikuwa yakitiwa kwenye magunia kwa uangalifu, hakuna lililotupwa, nami nikasema ndiyo, ni hapa hapa.

Kisha akaja mama mzee aliyevaa gauni la gomesi la kahawia, ameshikwa mkono na binti mmoja. Akapiga magoti mbele yangu kwa shida, akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Umekuja," akasema. "Mama yako iko wapi? Yeye nakataa kuja?"

Sikuelewa mama yangu anahusikaje na mihogo ya Buteba. Lakini mtu mzima ameniuliza, nikamjibu kwa adabu. "Mama yangu alishafariki, mama. Miaka mitatu sasa."

Mikono yake ikadondoka. Akakaa chini pale pale kwenye maganda, akaanza kulia. Si kilio cha sauti kubwa. Alikuwa akirudia jina moja tu, "Auma, Auma, Auma," na wanawake wale kumi na watano wakaweka visu chini na kulia naye.

Hapo tu ndipo nilipotazama vizuri. Nikaona kaburi jipya lenye saruji nyuma ya nyumba. Nikaona wazee wamekaa na vitambaa mkononi. Nikajua nimeketi kwenye msiba wa watu, na nimewaongezea mwingine.

"Mama," nikamwambia, "Auma ni nani?"

Akaniangalia. "Auma. Mama yako. Wifi yangu."

"Mama yangu aliitwa Nyanjura. Ni Mjita. Baba yangu Bwire ni wa Majita, kaburi lake liko Majita. Mimi nimekuja kujifunza habari za maganda."

Ilibidi niseme mara tatu, kila mara nikikata maneno kama nilivyofundishwa, hadi yule binti akamtafsiria kwa Kisamia. Mama yule, niliyeambiwa baadaye anaitwa Mama Nafula, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Kwa hiyo Auma hajafa?"

"Sijui, mama. Mimi simjui. Lakini aliyekufa ni mama yangu, si yeye."

Akafuta machozi kwa kiganja. Halafu, sijui niseme alicheka au alilia, vilikuja pamoja. Akanivuta kichwa akakiweka begani kwake. "Basi pole kwa mama yako," akasema. "Pole sana, mutoto."

Mama yangu alipokufa nilipewa pole nyingi. Hiyo ndiyo niliyoisikia hadi mifupani.

Athieno alifika dakika chache baadaye akiwa juu ya pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Alikuja kufuata maganda, kwa kuwa kwenye shughuli kubwa kama hiyo ndipo yanapopatikana mengi. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Ndiye aliyenieleza kwamba lumbe si mtu. Lumbe ni kile kikao cha kumaliza matanga. Mzee Bwire wa nyumba ile alizikwa wiki kadhaa nyuma, siku ile ndugu walikuwa wamekusanyika kumalizia. Dada yake, Auma, aliolewa Musoma zamani, na walikuwa wametuma ujumbe. Mimi nilitaja Musoma, nikataja Bwire, wakadhani nimepewa jina la mjomba. Yaliyobaki watu waliyajaza wenyewe. Athieno alipowaeleza wenzake kuhusu "Bwana Lumbe", wanawake wale walicheka hadi mzee mmoja akaja kuuliza kama kuna amani.

Niliomba radhi, nikasimama niondoke. Mama Nafula, mjane wa Mzee Bwire, akanizuia. "Ile nafasi ya Auma iko wazi. Wewe kaa. Kula."

Nikakaa. Tukala ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, mweusi na mzito, na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga za kusaga. Walileta pia wale samaki wadogo wa ziwa letu. Binti akawaita mukene, mimi nikawaita dagaa, na mgeni mmoja wa upande wa Kenya akasema ni omena. Tuliwala kwa majina yote matatu.

Mama Nafula aliendelea kukaa karibu nami. Aliniambia kuwa yeye na Auma waligombana kwa sababu ya mtungi wa pombe uliovunjika. Mtungi tu. Auma akaondoka na hasira kwenda kwa mume wake Tanzania.

"Mimi nasema, atakuja yeye kwanza. Kila mwaka nasema hiyo. Sasa muzee amekufa, na mimi hata namba ya simu yake sina."

Akanigeukia: "Wewe uko na wifi?"

"Ninaye."

"Munaongea?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Nililirudisha kwenye sahani. "Hatuongei sana, mama."

Alinisogezea tu bakuli la mboga.

Juu ya magunia hadi Rubongi

Tuliondoka jioni tukiwa tumekalia magunia manane ya maganda. Mwamba wa Tororo ulionekana mbele yetu, kisha kushoto, kisha mbele tena, kadiri njia ilivyojipinda. Athieno ni Mpadhola, kabila la huko Tororo, na Kiswahili chake amekipata sokoni, kwa hiyo kilikuwa kifupi na cha kazi. Nikimuuliza swali refu, alisubiri nimalize, akajibu kwa neno moja.

"Unakusanya maganda kwenye misiba tu, au pia kwenye harusi, masoko, na mashuleni kunakopikwa?"

"Yote."

"Na wenyewe hawakatai?"

"Hapana. Mimi nafagia."

Alikuwa anasema kweli. Pale Buteba, kabla hatujaondoka, alikuwa amefagia uwanja mzima hadi kwenye kingo za kaburi.

Siku nne za maganda

Nyumbani kwake Rubongi, si mbali na kambi ya jeshi, ana mabanda mawili ya nguruwe, mbuzi saba, na uwanja uliosakafiwa kwa udongo na samadi hadi ukawa laini kama sahani. Wenzake katika kazi ni wanawake tisa wa jirani. Wanatengeneza pombe ya wimbi waiitayo kongo, ile inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Machicha yake hayatupwi, yanaanikwa. Majani ya viazi vitamu yanaanikwa. Samadi inarudi shambani kwenye mihogo. Nguruwe wadogo wananunuliwa na wake za askari, na hiyo ndiyo ada ya shule.

Sasa maganda. Andikeni hapa, kwa maana hiki ndicho nilichokifuata. Yanaoshwa udongo utoke. Yanakatwa vipande vidogo kwa panga. Yanatiwa kwenye magunia, na juu yake yanawekwa mawe mazito, siku mbili tatu, ili yachachuke kidogo na maji yake yatoke. "Sumu naondoka na maji," alisema Athieno, akinionyesha ule ute mweupe unaochuruzika, na akanionyesha mfereji unaoupeleka mbali na kuku. Kisha yanatandazwa juani, tabaka jembamba, yanageuzwa kila mara. Alichukua moja lililokauka, akalileta sikioni kwangu, akalivunja. Kah! "Sikia. Lisipolia, bado." Halafu yanachanganywa na machicha na majani, na mnyama anaanza na konzi moja tu, siku ya pili konzi mbili, hadi tumbo lake lizoee.

Siku ya tatu mvua ilikuja ghafla wakati uwanja mzima umetandazwa. Hakuna aliyeita mtu. Nilishtukia wanawake wanatoka kila nyumba na maturubai, mashuka, hata mkeka wa kulalia, na sisi tukikokota maganda kwa ufagio na mikono. Niliteleza nikaanguka chali, Athieno akanirukia bila kusimama, akaendelea kukokota. Tulipomaliza tulikuwa tumelowa tope hadi nywele, tunapumua kama tumefukuzwa.

Sehemu ililowa. Kesho yake ikaanza kuota ukungu wa kijani. Mimi ningeipepeta, ningeiokoa. Athieno aliijaza yote kwenye karai na kuimwaga kwenye shimo la mbolea.

"Yote?" nikauliza. "Kazi yote hiyo?"

"Ukungu pia naua." Akapangusa mikono. "Mimi nilikufisha nguruwe tatu. Mwaka ya kwanza. Ndiyo nikajua."

Nikamwambia habari ya mbuzi wa wifi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote katika safari nzima. Nilitaraji jibu la neno moja, lakini alikaa kwenye ukingo wa banda na kufikiri.

"Zile tatu ilikuwa ya mimi mwenyewe," akasema mwishoni. "Ya wewe ilikuwa ya mutu. Hiyo ni ngumu zaidi." Halafu akanipa ufagio, tukaanza upya.

Siku ya kuondoka alinitolea "afwoyo", asante, na mimi nikashangaa kwa nini ananishukuru wakati mimi ndiye niliyekula chakula chake siku zote hizo. "Ulifagia," akasema.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na kisa. Basi halikuharibika, nililala karibu yote. Kisumu nilimpigia mume wangu. Sirari nikaanza kupanga maneno ya kumwambia wifi. Nilipanga vizuri sana: habari ya sumu, habari ya kukamua, habari ya jua na konzi moja moja. Kufika nyumbani nilikuwa nimeyajua kama mistari ya ibada.

Niliweka begi mlangoni kwangu, nikapita kwenye katani bila kunawa miguu.

"Hodi."

Nyangeta alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. "Karibu," akasema, bila kuinua kichwa.

Nikaanza. "Wifi, nimetoka Uganda. Yale maganda tulikosea, yalitakiwa kwanza kukatwa, halafu yakandamizwe kwa mawe ili..."

"Tabitha. Nani amekuuliza habari za maganda?"

Akatupa kijiwe kutoka kwenye ungo.

"Mbuzi hufa," akasema. "Ukame ule wa zamani walinifia sita, na maisha yakaendelea. Lakini siku ile, nilivyokuwa nawaangalia pale chini, nilisema, sasa hivi Tabitha atakuja. Nikatoa kiti nje. Hukuja. Kesho yake hukuja. Ukanitumia mdogo wangu aje kusema pole yako, kama tarishi."

"Nilikuwa na aibu, wifi."

"Ungekuja nayo." Sasa aliinua kichwa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ungekuja na hiyo aibu yako. Tungekaa nayo wote wawili."

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akausogeza ungo katikati yetu ili nami nichambue.

"Haya," akasema. "Huko walikupa kula nini?"

Nikamsimulia. Nilipofika kwa Bwana Lumbe alicheka hadi akamwaga maharage. Nilipofika kwa Mama Nafula na Auma aliacha kucheka, akaokota moja moja lililomwagika, akasema tutauliza kanisani na sokoni, huenda yupo anayemjua. Tumeshaanza kuuliza. Bado hatujampata.

Jumatatu tulijaza gunia la kwanza. Mawe yaliyokuwa uani hayakutosha, maji yakagoma kutoka. Nyangeta akayatazama, akakunja kanga yake, akalikalia gunia mwenyewe, na akaniambia nilete chai.